Kaya mbili, mikorosho ileile: jinsi ya kujikwamua na kangomba kabla msimu haujafika

Kwenye vijiji vya korosho, huwezi kujua nani ana mali kwa kuhesabu miti peke yake. Kaya mbili za Tandahimba au Ruangwa zinaweza kuwa na mikorosho 40 kila moja, iliyopandwa mwaka mmoja kwenye udongo uleule wa kichanga, na bado ikifika Januari moja imeezeka bati na nyingine inatafuta unga wa kukopa. Majirani huwa na maelezo tayari: yule mchapakazi, huyu mvivu; yule ana baraka, huyu kazidisha pombe. Maelezo hayo hayagharimu kitu kuyatoa, na mara nyingi si ya kweli. Kinachozitenganisha kaya hizi ni uwezo wa kusubiri, kuanzia njaa ya Februari mpaka malipo ya mnada. Aliye na chakula ndani na shilingi elfu hamsini mkononi mwezi Machi atauza kilo zake zote kwa bei ya mnada. Asiye nazo atauza korosho zingali maua, na hapo ndipo kangomba, yaani ununuzi wa korosho kijijini nje ya mfumo rasmi wa mnada, inapoingia.

Mwongozo huu ni wa kaya na vikundi vya mikoa ya Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, vinavyotaka kuifunga njia hiyo. Kazi yake hufanyika zaidi kati ya Novemba na Julai. Oktoba ikifika, mengi yameshaamuliwa.

Anza na hesabu ya pengo lenyewe

Chukua daftari, chora safu mbili. Tutatumia bei ya mfano ya shilingi 2,500 kwa kilo baada ya makato. Wewe weka bei uliyolipwa msimu uliopita.

Safu ya kwanza: kaya iliyopalilia mapema, ikapuliza salfa kwa wakati, ikaokota kilo 8 kwa mti. Miti 40 ni kilo 320. Zote zimekwenda chama cha msingi cha ushirika, kinachozipeleka mnadani, zimelipwa 800,000.

Safu ya pili: kaya iliyoishiwa chakula Februari. Aprili ikachukua 60,000 kwa mtu, kwa makubaliano ya mdomo kwamba korosho zikianguka itarudisha gunia moja la kilo 80. Fedha hiyo haikutosha, kwa hiyo Mei na Juni mume na mke walikwenda kibarua cha palizi kwenye mashamba ya wengine, wakapata tuseme 80,000. Shamba lao likabaki na majani, mpulizo wa kwanza wa salfa ukachelewa, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huukinga, ukaunguza maua. Wakaokota kilo 5 kwa mti, jumla 200. Kilo 80 zikaenda kwa mkopeshaji, 120 zikauzwa mnadani kwa 300,000. Ongeza 60,000 ya mkopo na 80,000 ya kibarua: 440,000.

Pengo ni 360,000. Sasa ligawe, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Hasara ya mkopo ni 140,000, yaani gunia lenye thamani ya 200,000 lililotolewa kwa 60,000. Hasara ya shamba kuachwa ni kilo 120 zilizopotea, 300,000, ukitoa ujira wa 80,000 inabaki 220,000. Kwa hiyo kangomba yenyewe imekula sehemu ndogo. Sehemu kubwa imeliwa na kibarua, na kibarua hakimkasirishi mtu yeyote, hakina msako wala mkutano wa kijiji wa kukikemea. Tena tazama ni shamba la nani lilipaliliwa Mei: la kaya ya kwanza, au ya mtu anayefanana nayo. Mikono ya kaya ya pili ndiyo iliyoziwahisha kilo 8 kwa mti za mwenzake, huku miti yake yenyewe ikisubiri.

Kikundi kikiifanya hesabu hii kwa takwimu zake, kila kaya ikijiandikia yake bila kuisoma kwa sauti, mtaona wenyewe fedha inapovujia. Kaya nyingine itakuta tundu lake ni mkopo, nyingine palizi, nyingine kipimo. Dawa zake hazifanani.

Kipimo na namna deni linavyoandikwa

Mkopeshaji akitaka malipo kwa debe au kisado, kipime chombo chake kwenye mzani kabla hujakubali. Debe la lita 20 likijazwa korosho kavu hadi ukingoni hubeba takriban kilo 11 hadi 12. Likijazwa kwa kilele na kutikiswa ili zishuke, kilo huongezeka, na ongezeko hilo halimo kwenye makubaliano ya mtu yeyote. Kwenye madebe 7 hujikusanya kuwa kilo nyingi. Mzani wa duka la jirani unatosha kwa kazi hii: pima chombo kitupu, kijaze kama atakavyokijaza yeye, pima tena, toa.

Kubwa zaidi ya hilo: ukilazimika kukopa, deni liandikwe kwa shilingi. Bei ya korosho hupanda na kushuka sana. Msimu wa 2022/23 wengi waliuza karibu na shilingi 2,000 kwa kilo. Mnada wa kwanza wa 2024/25 bei ilipita 4,000. Aliyekopa 60,000 kwa ahadi ya gunia la kilo 80 mwaka ambao bei imefika 4,000, amelipa 320,000. Bei ikianguka anayeumia ni mkulima, kwa kuwa kilo zilizobaki hazimtoshi. Ikipanda, faida inakwenda kwa aliyekopesha. Deni la shilingi linaigeuza hali hiyo. Hata mkopeshaji akitaka arudishiwe 100,000 kwa 60,000, ambayo ni riba kubwa mno, bado ni nafuu kuliko gunia, na kila kilo ya ziada inabaki kwako.

Andikeni karatasi yenye mistari mitano: jina la aliyetoa, jina la aliyepokea, kiasi kilichotolewa, kiasi kitakachorudishwa, tarehe. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Mkopeshaji akikataa kuandika shilingi, ujue anachokinunua ni ile nafasi ya bei kupanda. Kumbuka pia kwamba ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi unakatazwa kisheria, kwa hiyo mkataba wa kilo hautetewi popote ukigeuka ugomvi. Na anayebanwa kwanza kwenye msako huwa ni mwenye gunia mgongoni. Aliye mjini aliyetoa mtaji haonekani. Mnunuzi wa kangomba kijijini mara nyingi ni mwenye duka, mtumishi mwenye mshahara, au ndugu yako wa damu, na juu yake yupo mwenye fedha zaidi anayemsubiri na lori. Ukimwona wa kijijini kama ndiye mwisho wa ngazi, hutaelewa kwa nini akikamatwa mmoja hutokea mwingine wiki ileile.

Kalenda ya kusubiri

Mvua za kusini ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Fedha ya korosho huingia Oktoba hadi Januari. Madaftari na sare za shule huanguka Januari. Chakula cha shambani kinakuwa chembamba kuanzia Januari hadi Machi, mpaka mahindi mabichi yatoke. Palizi ya mikorosho na kufyeka hubana Aprili hadi Juni. Salfa huanza maua yanapochomoza, Juni au Julai, hadi Agosti. Ufuta, hasa Lindi, huuzwa Juni na Julai. Mbaazi hufuata.

Iandike kalenda hii kwenye karatasi kubwa, miezi 12, juu fedha inayoingia, chini inayotoka. Miezi ambayo chini kuna kitu na juu hakuna ndiyo miezi ya kangomba. Kwa kaya nyingi ni Februari, Machi na Aprili, halafu Juni. Kila mwezi wa namna hiyo uwekewe kitu kimoja cha kuuziba, kilichotajwa kwa jina na kiasi.

Februari, Machi na Aprili zinazibwa na nafaka. Kaya ya watu 5 inayokula ugali mchana na usiku hutumia karibu kilo 2 za unga kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Miezi mitatu ni kilo 180, yaani magunia mawili ya mahindi. Muhogo mkavu ukiwepo, punguza gunia moja. Nunua kwa malipo ya kwanza ya mnada, Oktoba au Novemba, kabla ya kitu kingine chochote. Bei ya mahindi wakati huo imeshaanza kupanda, lakini ya Februari huwa mbaya zaidi. Ukipata fedha ya ufuta Julai, nunua hapo, ndiyo bei nzuri ya mwaka.

Tatizo la kuweka mahindi miezi sita ni dumuzi. Tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani na mfuko wa nje. Mahindi yawe makavu kabisa: weka punje kiganja kimoja ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu vijiko viwili, tikisa, acha dakika 15, chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Funga kila tabaka peke yake, toa hewa, kamba ikazwe. Mfuko ukitobolewa na panya umekwisha kazi, kwa hiyo uinue juu ya mbao, mbali na ukuta. Na usiufungue kuchota kidogo kidogo. Kila ukifunguliwa hewa inaingia na wadudu wanapumua upya. Fungua mmoja uumalize, ndipo ufungue wa pili.

Juni inazibwa na ufuta au na kikundi, tutafika huko.

Jambo moja la sherehe. Unyago, jando na harusi ni haki ya watu wetu na hakuna anayepaswa kuambiwa aache. Lakini mchango unaopangwa sawa kwa kila kaya, na sare ya kitenge ambayo kila mwanamke lazima aishone, humkamua asiyenacho zaidi kuliko mwenye nacho, na asiyeshona hukaa nyuma. Kikundi kinaweza kukubaliana kiwango cha chini cha mchango kinachohesabika kuwa kamili, na kazi za mikono kama kuteka maji, kupika na kuchanja kuni zikaandikwa daftarini kwa thamani ya fedha. Hilo pekee huokoa fedha ya salfa kwa baadhi ya kaya.

Palizi kwa zamu

Hapa ndipo palipo na fedha kubwa, kama hesabu ilivyoonyesha, na ndipo pasipohitaji mtaji.

Undeni timu ya kaya 5 au 6 zenye mashamba yaliyo karibu. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni miti 28 hivi kwa ekari, na watu 10 wenye majembe na panga wanaweza kusafisha chini ya miti ya ekari moja asubuhi moja, majani yakiwa si marefu sana. Kila kaya itoe watu wawili, siku mbili kwa wiki. Ndani ya wiki nne hivi mashamba yote yamepita mzunguko wa kwanza.

Mpangilio wa zamu ndio unaoamua kama timu itafanya kazi yake. Kawaida ya vikundi ni kuanza na shamba la mwenyekiti au la mtu mzima anayeheshimiwa. Msifanye hivyo. Anzeni na kaya ambayo ikichelewa italazimika kwenda kibarua, kwa sababu shamba lake likishakuwa safi Aprili, hata akienda kibarua Mei hatapoteza maua. Mwenye uwezo awe wa mwisho. Anaweza kusubiri, na akitaka kuwahi anaweza kulipa. Jambo hili ligombewe mapema, mwezi Februari, mkiwa mmekaa chini kwa utulivu. Likiachwa mpaka siku ya kazi, mwenye sauti ndiye atakayeanza.

Timu nyingi hufa kwa chakula. Mwenye shamba anatakiwa awapikie wenzake, na kaya isiyo na unga inaona aibu, inaomba isogezwe zamu, halafu inatoweka. Kila mtu aje na chakula chake, au unga utoke kwenye mfuko wa kikundi. Mjane, mzee au mgonjwa asiyeweza kushika jembe apewe kazi ya kulea watoto wa wenzake siku ya kazi, na ihesabike zamu kamili.

Salfa nayo ina tabaka zake. Mti mkubwa huhitaji karibu robo kilo kwa mpulizo, na mipulizo hurudiwa kila baada ya siku 14 wakati wa maua, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100 mara moja. Pembejeo za ruzuku huenda kwa waliosajiliwa kwenye daftari la wakulima, kwa ukubwa wa shamba uliosajiliwa. Anayelima shamba la kuazima, au mwanamke ambaye mikorosho imeandikwa kwa jina la kaka yake, anaikosa hata kama ndiye anayeokota. Hakikisheni usajili mapema kwa mtendaji wa kijiji na kwa chama cha msingi. Hata salfa ikipatikana, mashine ya kupulizia ni ya mtu, na mwenye mashine huanza kwake, kisha kwa wanaolipa taslimu. Anayefikiwa siku ya kumi na mbili amepoteza sehemu ya faida, kwa sababu salfa ya unga ni kinga, maua yakishaugua hairudishi kitu. Timu ya kaya 6 ikikodi mashine kwa siku mbili mfululizo, ikaanza alfajiri umande ukiwepo na upepo haujaamka, inamaliza miti yake yote kabla ya foleni. Wanaopuliza wafunike pua na macho.

Kikundi cha akiba kinachofuata msimu

Vikundi vya hisa vipo karibu kila kijiji, na vingi vimejengwa kwa ratiba ya watu wenye mshahara: hisa sawa kila wiki, mwaka mzima, faini kwa anayekosa. Mkulima wa korosho hana kipato cha kila wiki. Atanunua hisa vizuri Novemba hadi Januari, atasuasua Februari, Machi atakosa, Aprili atapigwa faini, Mei atajitoa. Wanaobaki ni wenye maduka na wenye mishahara, na wao ndio watakaogawana faini zake na riba yake mwisho wa mwaka. Kikundi kilichoanzishwa kumsaidia kikawa mrija mwingine wa kumnyonya. Kukibadilisha si vigumu.

Wanachama wawe 15 hadi 30. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja wala viongozi. Mzunguko uanze Novemba. Novemba hadi Januari kila mtu anunue hisa nyingi awezavyo, hisa moja hadi tano kwa kikao. Februari hadi Mei hisa ziwe za hiari na faini ya kutonunua isiwepo kabisa. Mikopo ya palizi na salfa itolewe Machi hadi Juni, marejesho yawe Oktoba na Novemba kwa mkupuo, baada ya mnada. Kumtaka mkulima arejeshe kila mwezi kuanzia Aprili ni kumrudisha kwa mkopeshaji wa gunia ili alipe kikundi.

Kanuni ya kukopa mara tatu ya hisa zako inafanana na haki, lakini inampa zaidi yule mwenye hisa nyingi. Ibakizeni kwa mikopo mikubwa, ila tengeni sehemu ya fedha, tuseme moja ya tano, iwe mfuko wa njaa: mkopo usiozidi 50,000 kwa mwanachama yeyote bila kuangalia hisa zake, kwa riba ya chini, Februari hadi Aprili tu. Hata riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi 6 juu ya 50,000 ni 15,000. Linganisha na gunia.

Kikundi kiandikishwe halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inadai hivyo, na bila usajili hamuwezi kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Igizo la kufungulia mazungumzo

Hesabu hizi zikisomwa kwenye mkutano, nusu ya watu watanyamaza kwa aibu na nusu watanyamaza kwa sababu wao ndio wakopeshaji. Igizo la dakika 10 linafungua vinywa. Wahusika wanne wanatosha: mpwa, mke wake, mjomba, na karani wa mzani. Vifaa: kisado, gunia, mzani, mkeka.

Onyesho la kwanza liwe fupi na la upole.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi asubuhi?"

"Unga umeisha tangu juzi, mjomba."

"Sasa mimi nipo, nitakuacha ulale njaa na watoto? Chukua hizi sitini. Korosho zikianguka utaniwekea gunia."

"Ahsante sana, mjomba. Mungu akuzidishie."

Hapo hakuna aliyetaja riba, hakuna aliyekasirika, na mpwa ameondoka akishukuru kwa dhati. Watazamaji wataitambua sauti hiyo mara moja. Onyesho la pili ni shambani Mei: mke anauliza shamba lao litapaliliwa lini, mume anafunga jembe kwenye baiskeli kwenda kwa wengine. La tatu ni Oktoba kwenye mzani, gunia la kwanza likivutwa pembeni kabla ya kupimwa. Simamisheni hapo. Msimalizie. Waulizeni watazamaji: gunia hili ni la nani, na mpwa angefanya nini Februari?

Igizo huharibika kwa namna tatu. Ya kwanza ni kumpa mkopeshaji kitambi, sauti ya kunguruma na moyo wa fisi. Tajiri wa namna hiyo amejaa kwenye maigizo ya shule, na mtazamaji humcheka kisha huenda nyumbani bila kumwona mjomba wake halisi, ambaye ni mtu mwema, huwazika watu na huongoza dua. Mjomba wa igizo apendeke kweli. Ndipo watu watakapoanza kuuliza inakuwaje mtu mwema achukue gunia kwa 60,000. Ya pili ni kumfanya mpwa mlevi au mzembe ili watu wacheke. Ukishafanya hivyo umewapa wenye nacho jibu walilokuwa wakilitaka, na hakuna atakayezungumzia palizi tena. Ya tatu ni kumwacha mke bila maneno. Yeye ndiye anayejua unga uliisha lini, na mara nyingi ndiye anayeokota korosho. Mpeni mistari mingi kuliko wote.

Mhusika wa mjomba aigizwe na mtu ambaye kijijini hana kitu, na mpwa na mtu mwenye uwezo. Hilo huondoa minong'ono kwamba fulani anasemwa.

Siku ya mzani

Korosho zianikwe siku 2 hadi 3 za jua kali juu ya turubai, mkeka au sakafu, si kwenye udongo, zikigeuzwa. Zikiwa kavu hulia kavu ukizitikisa kiganjani, na kucha haiingii kwenye ganda. Ondoa changa, zilizotobolewa na zenye mabaki ya bibo, lile tunda laini la mkorosho, kwa sababu chache zinaweza kulishusha gunia zima daraja la pili. Korosho zenye unyevu zitapungua uzito kati ya chama cha msingi na ghala kuu, na unyaufu huo hukatwa kwa mtu. Gunia liwe la juti. Kwenye mfuko wa plastiki zinatoa jasho na kuoza.

Soma mzani mwenyewe kabla gunia halijawekwa, uone sifuri. Usiondoke bila stakabadhi yenye jina lako, kilo, daraja na tarehe, na linganisha namba ya akaunti iliyoandikwa na kadi yako tarakimu kwa tarakimu. Orodha ya makato ya msimu, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafirishaji, ni haki ya mwanachama kuiona kabla ya mnada. Omba isomwe kwenye mkutano mkuu, iandike, na malipo yakija rudia hesabu: kilo mara bei ya mnada, toa makato. Zikipishana, peleka stakabadhi kwa katibu wa chama, kisha kwa ofisa ushirika wa wilaya.

Uza kwa jina lako. Wasio na akaunti huomba wenzao wawauzie, na kwa kawaida hulipia upendeleo huo kwa kilo kadhaa. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa kabla ya malipo, na aliyekuwa amepitishia korosho zake kwa jina la mwingine hakuwa na cha kuonyesha. Kufungua akaunti kunahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Fuatilia Mei, si Septemba.

Fedha haiji siku ya mnada. Kwenye kalenda weka wiki mbili hadi nne za kusubiri, na uwe na unga wa siku hizo pia. Wengi walioshikilia kuanzia Februari huachia hapa, wiki ya mwisho, kwa kuuza stakabadhi yao nusu bei kwa mwenye taslimu.

Kama umeshachukua fedha ya gunia mwaka huu

Usikimbie deni, na usifiche korosho. Utampoteza mtu ambaye huenda utamhitaji kwenye msiba. Nenda kwake mapema, Agosti, kabla korosho hazijaanguka, pamoja na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Omba deni ligeuzwe shilingi, ukitaja kiasi kabisa: "Mjomba, ulinipa sitini, naomba nikurudishie tisini malipo ya kwanza ya mnada yakiingia." Mtu huambiwa tisini taslimu na kuzifikiria, kwa sababu na yeye ana hofu ya msako, ya unyevu, na ya mwenye lori aliye juu yake. Akikataa, omba nusu kwa nusu: kilo 40 na shilingi 45,000. Yaandikeni. Kisha siku malipo yakiingia, mpelekee kabla hujapita dukani, na uchukue ile karatasi mkononi mwako.